Kanzu Kumi na Moja za Sultani Nasibu

Hapo zamani, katika mji ulioitwa Visimavitatu, ingawa visima viwili vilikwisha kuziba na jina likabaki kuwadanganya wageni, alikuwako dobi mmoja jina lake Ngwali. Hakuwa na mbele wala nyuma. Mali yake yote ilikuwa jiwe la kufulia na ulimi, na huo ulimi ulimtia matatani kila mwezi. Yeye na wenzake sita walifua nguo za Sultani Nasibu nyuma ya jumba, penye kile kisima kimoja kilichobaki.

Sasa huyu Sultani alikuwa na desturi yake, na ukiisikia utadhani nakutania. Kila shughuli ilikuwa na kanzu yake. Palikuwa na kanzu ya kunywea kahawa, kanzu ya kusikilizia mashtaka, kanzu ya kupigia muhuri, hata kanzu ya kupigia miayo baada ya chakula cha mchana. Jumla kanzu kumi na moja kwa siku moja! Na sheria ya jumba ilikuwa kwamba nguo iliyokwisha kugusa mwili wa Sultani hairudi sandukuni ila imefuliwa na kuchemshwa. Basi ikawa kila jioni Ngwali hupokea tita la kanzu, akazigeuzageuza kutafuta doa, asilione, akaguna, akazifua hivyo hivyo. Kisima kikashuka, kuni zikaadimika, na wanawake wa mji wakawa wanangoja madobi wamalize ndipo nao wachote matope.

Siku moja Sultani aliingia kuoga, akajimwagia kata ya kwanza, akatoka na mchanga kichwa kizima. Kelele zake zilisikika hadi sokoni.

"Ni nani anayemaliza maji yangu?"

Waziri wake, Jumbe Kondo, mtu mwepesi wa kunyoosha kidole, akajibu, "Ni madobi, bwana. Hawana huruma na maji wale."

Ngwali akaitwa, akaja mikono ingali na povu, akapiga magoti.

"Ewe Ngwali," akasema Sultani, "nataka ubanifu wa maji na kuni katika kazi."

"Ni neno jema, bwana wangu. Tupunguze nusu?"

"Nusu ni ubanifu wa watu wadogo! Kesho jua likitua, nataka kanzu zangu zote kumi na moja ziwe safi, nawe usitumie tone la maji wala kijiti cha kuni. Ukiweza, omba utakalo. Ukishindwa, wewe na wenzako sita mtauhama mji huu na wake zenu na mawe yenu."

Ngwali akaona hana budi kujaribu, kwa maana mke wa mwenzake mmoja alikuwa karibu kujifungua, na yeye mwenyewe hakujua mji mwingine wowote. Akasema, "Bwana, nina swali moja. Utakalo ni kwamba nizifue, au ziwe safi?"

"Ziwe safi! Kufua kwako kunanihusu nini?"

"Nami nitaruhusiwa kuzifuata popote ziendapo?"

"Hata mezani pangu. Naapa kwa kilemba changu, hakuna atakayekuzuia katika kazi yako, hata mimi."

Ngwali akaenda nyumbani, akatwaa kata ya kifuu na kuanza kuitia mpini mrefu. Mkewe, Binti Sefu, akasimama mlangoni akiwa amejifunga kanga kiunoni.

"Baba watoto, wenzako wanafunga mizigo, nawe unachezea kata?"

"Natengeneza chombo cha kazi."

"Dobi gani anafulia kata yenye mpini wa pima nzima?"

"Dobi aliyenyimwa maji," akajibu Ngwali. Binti Sefu akatikisa kichwa, akaendelea kufunga sufuria zao kwa kamba.

Asubuhi Sultani akavaa kanzu ya kwanza, akaketi juu ya mto wake wa kukalia, akanyoosha mkono apokee kahawa. Kikombe hakikufika. Ngwali alikuwa amekidaka.

"Samahani, bwana. Hii kahawa ina nia mbaya na kanzu. Na tafadhali usimame, maana huo mto una vumbi."

"Nisimame?"

"Nipo kazini, bwana."

Sultani akakumbuka kilemba chake alichoapia, akasimama. Ngwali akasogea nyuma hatua tatu, akamimina kahawa katani, akamnywesha kwa mbali, naye Sultani akiwa amenyoosha shingo kama bata. Kahawa ilipokwisha, mtumishi akaleta kanzu ya pili. Ngwali akamwambia airudishe sandukuni, kwa kuwa iliyovaliwa haijapata hata alama.

"Lakini hii ni ya kahawa!" akasema Sultani. "Nitasikilizaje mashtaka nayo?"

"Kwa masikio, bwana."

Ikawa hivyo siku nzima. Mashtaka yakasikilizwa, muhuri ukapigwa, kanzu ni ile ile. Mchana ukaletwa mchuzi wa papa, mwekundu, unaochemka. Ngwali akatoa jani la mgomba, akamfunga Sultani kuanzia shingoni hadi magotini, akamlisha kwa ile kata. Jumbe Kondo akacheka mpaka wali ukampanda puani. Na hapo hapo akaingia mjumbe wa nchi jirani, akamkuta Sultani Nasibu amesimama wima ndani ya jani, kinywa wazi. Mjumbe akainama, akamnong'oneza Waziri, "Amefanya kosa gani?"

Jua likatua. Sultani, miguu imemvimba, akasema kwa hasira, "Leta kanzu zangu kumi na moja!"

Ngwali akafungua sanduku. Zilikuwamo kumi, nyeupe, zimekunjwa kama jana. Ya kumi na moja ilikuwa mwilini mwake Sultani, wala haikuwa na doa.

"Wewe hukufua chochote! Umenizuia nisichafuke tu!"

"Bwana wangu," akasema Ngwali, "miaka minane nimefua nguo zisizo na doa. Maji ya mji huu yameishia kwenye nguo safi. Leo nimefanya kazi ile ile, ila nimeianzia mbele, kabla doa halijaingia."

Sultani akalitazama sanduku, akazihesabu kanzu kwa kidole, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka, akacheka, mpaka akakaa chini kwenye ule mto wenye vumbi.

"Omba utakalo, mwovu wewe!"

"Naomba uvae kanzu moja mpaka ichafuke. Na sisi saba tubaki kazini, ule muda utakaosalia tuzibue visima viwili."

"Nimekubali! Nami nina njaa," akasema Sultani. Akaivuta sinia ya halwa, akatia mkono mzima, akala kwa pupa, halwa ikamdondokea kifuani hadi tumboni.

Ngwali akasogea, akainama, akaitazama ile kanzu kwa karibu. Machozi yakamlengalenga.

"Doa," akasema. "Wallahi, doa la kweli!"

Sultani akaivua, naye Ngwali akaipokea kwa mikono miwili, akakimbia nayo kisimani akiwaita wenzake waje waione. Visima vilizibuliwa kabla ya masika, na tangu hapo mgeni akiuliza mbona mji unaitwa Visimavitatu, huambiwa ahesabu mwenyewe.