Tairi Lililomulikwa Kama Yai

Mwenye kitu kizuri hana haja ya kukaukiwa na koo. Kitu chenyewe humsemea. Mwenye kitu kibovu ndiye hutembea nacho juani akikisifu mpaka jasho limtoke, kwa maana akinyamaza kidogo tu, mnunuzi ataanza kukitazama. Mwendesha pikipiki mmoja na mkewe walijifunza jambo hilo kwa tairi la nyuma.

Mke alikuwa mfugaji wa kuku. Mume alisafirisha mayai, trei kumi zikiwa zimefungwa kwa mipira nyuma ya kiti, hata wenzake kijiweni wakambandika jina la Bwana Mayai. Siku moja shule ya bweni iliyo juu ya kilima iliwapa wiki moja ya majaribio. Mayai yakifika mazima kila asubuhi, kabla ya kengele ya kifungua kinywa, zabuni ya mwaka mzima ingekuwa yao. Yakivunjika, angepewa mfugaji mwingine. Kwa miezi mitatu wawili hao walikuwa wameiombea zabuni hiyo, hata magoti yao yakaujua kila ufa wa sakafu.

Tatizo lilikuwa njia. Kilima kilikuwa cha changarawe, na tairi la nyuma la pikipiki lilikuwa limeisha meno, lina kipara kama kichwa cha babu. Majaribio yangeanza Jumatatu. Ijumaa mchana Bwana Mayai alikuwa kijiweni akilitazama kwa huzuni, mara akatokea mchuuzi aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuwa na swichi ya kumzima. Begani alining'iniza matairi mawili meusi, yaking'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Bwana Mayai! Tairi hili ndilo ulilokuwa ukiliota. Hili, kaka yangu, litakuzika!"

"Hilo ndilo tunaloogopa," akasema dereva mmoja, na kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Redio hakutetereka. "Bonyeza mwenyewe. Laini kama mkate! Na bei ni nusu ya dukani, kwa sababu ni wewe."

"Juzi uliniambia mimi hivyo hivyo," dereva yule akadakia.

"Basi nyote nawapenda!"

Bwana Mayai alibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukazama, na moyo wake ukazama pamoja nao kwa tamaa. Hata hivyo, fedha zilikuwa za kuku, na kuku walikuwa wa mkewe. Akaomba kwanza akamwonyeshe.

"Nenda nalo!" Redio akasema. "Shemeji akilikataa, nitalitafuna bila chumvi."

Nyumbani alimkuta mkewe katika stoo ya mayai, chumba kidogo kisicho na dirisha. Kila yai alilimulika kwa tochi kabla ya kulipanga. Yai zima lilipitisha mwanga, viza lilibaki jeusi. Mume akaliegemeza tairi kwenye trei na kuanza kulisifu kwa maneno yale yale ya Redio. Mke hakumsikiliza. Alikuwa akiyatazama mayai yake.

"Mume wangu, mbona mayai yangu yamepakwa wanja?"

Kweli, mayai matatu yalikuwa na michirizi myeusi. Mke akachukua kitambaa kibichi alichofutia mayai, akalifuta tairi. Ule mng'ao wote ukahamia kwenye kitambaa. Chini yake palikuwa na mpira wa kijivu, na mifereji iliyopinda huku na kule.

"Hili lilikuwa na kipara kama letu," akasema. "Limechongwa kwa kisu cha moto, likapewa meno ya bandia."

"Labda kiwandani kwao ndivyo wanavyotengeneza."

"Kiwanda gani hicho chenye mkono unaotetemeka?"

Akafunga mlango, akaitia tochi ndani ya tairi na kulizungusha polepole. Gizani vikaonekana vitone vitatu vya mwanga, kama nyota. Vilikuwa matundu ya misumari ya zamani, yaliyokuwa yamezibwa kwa rangi ile iliyofutika.

"Haya, mzikwa mtarajiwa," mke akasema. "Yai viza hukataa mwanga. Hili limeukubali, lakini viza ni viza."

Mume alicheka kwa haya. "Na nilikuwa nimemwomba Mungu aniongoze."

"Ameshakuongoza. Amekuleta penye tochi."

Jioni hiyo hiyo tairi lilirudishwa kijiweni. "Redio, chumvi hatukuleta," akasema Bwana Mayai, na Redio akalitundika tena begani, akaenda kutangazia kijiwe kingine.

Jumamosi asubuhi mume na mke walikwenda kwa Mama Vipuri, mwisho wa mtaa. Duka halikuwa na bango wala muziki. Mwenyewe alisema "Karibuni," kisha akaendelea kufuta mnyororo.

"Mbona huyu hatubembelezi?" mume akanong'ona.

Mke akamsogelea mwenye duka. "Mama, tunataka tairi la nyuma, la kudumu."

"Mnabeba nini?"

"Mayai. Trei kumi."

"Njia?"

"Changarawe, na kilima."

Mama Vipuri akaingia ndani, akatoka na tairi lililojaa vumbi. Mume akalibonyeza. Ukucha ulikataa kuzama.

"Mbona gumu hivi?"

"Laini hushika lami vizuri, lakini kwenye changarawe huisha kama sabuni. Ninyi mnataka gumu, lenye meno marefu na nyuzi nyingi ndani. Someni tarakimu hizi nne ubavuni. Ni wiki na mwaka lilipotengenezwa. Tairi huzeeka hata likilala dukani."

Mke akaomba kulimulika. Mama Vipuri akatabasamu. "Mulika, binti yangu." Mwanga haukupenya popote.

"Tupe na la mbele," mume akasema kwa furaha.

"La mbele bado lina meno. Fedha hiyo kawanunulie kuku chakula."

Mume na mke wakatazamana. Muuzaji anayekataa kuuza! Hawakuhitaji kuhubiriwa zaidi.

Jumatatu hadi Alhamisi mayai yalifika salama. Ijumaa, siku ya mwisho, mvua ilinyesha tangu alfajiri na kilima kikawa utelezi mtupu. Bwana Mayai akasema sala fupi, akapanda. Tairi liling'ata ardhi kama mbwa aliyepata mfupa. Kengele ilikuwa haijalia alipofika jikoni. Mpishi mkuu akayakagua mayai moja baada ya moja, yote mia tatu. Hakuna lililokuwa na ufa.

"Mwambie mkeo zabuni ni yenu," akasema. Kisha akatoka mvuani, akainama nyuma ya pikipiki. "Na hili tairi umelipata wapi? Mimi pia nina pikipiki."

Tangu siku hiyo wengi walimwuliza swali hilo, na wengi walikwenda mwisho wa mtaa, ambako Mama Vipuri alisema "Karibuni" na kuendelea kufuta mnyororo. Redio bado anazunguka vijiweni na matairi yale yale begani, sauti imemkauka. Hakika, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.