Mlima Uliokuwa na Kiu

Zamani zile mlima wetu wa Kipembo ulikuwa haupumui. Ulikaa kimya, na moto wake wote ulikuwa tumboni. Watu walioishi chini yake walipikia jiwe jeusi walilolichimba ubavuni mwake. Jiwe lilishika moto vizuri, lakini moshi wake ulikuwa mzito. Kuta zilijaa masizi na hata maziwa yalinuka moshi. Tena jiwe likishachimbwa halikuota lingine, kwa hiyo shimo lilizidi kwenda chini.

Katika kijiji hicho aliishi Subilaga na mtoto wake mdogo, Lugano. Msimu wa baridi ulipofika, Lugano akaanza kukohoa. Mama akiwasha jiwe, moshi ulimbana mtoto kifua. Akilizima, baridi ilimtetemesha mpaka midomo ikabadilika rangi. Subilaga aliona wazi kwamba mwanawe hataumaliza msimu ule.

Akambeba mgongoni, akachukua kibuyu cha maji, akashuka shimoni kutafuta jiwe lisilo na moshi. Alichimba mpaka chini kabisa, asilipate. Lakini alipoegemeza mkono kwenye mwamba, aliukuta una joto kama tumbo la ng'ombe.

"Kumbe una moto wako," akasema. "Nigawie kidogo, mtoto wangu anakufa."

Mlima ukamjibu kwa sauti ya chini, "Mama, kila siku mnanimega nyama. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina kiu."

Subilaga akamimina maji yote kwenye ufa uliokuwa mwambani. Mlima ukayanywa, ukatulia kidogo, kisha ukashusha pumzi. Mvuke mweupe ukapanda, wa moto, usio na masizi hata chembe. Mama akaketi kando yake na mtoto, na Lugano akalala bila kukohoa.

Usiku ule mvuke ukajipasulia ufa mwingine juu, karibu na kilele, basi kila asubuhi Subilaga akawa anapanda huko na maji, na kwenye mvuke ule anapika ndizi zake. Wifi yake, Tupokigwe, alimcheka njia nzima.

"Wifi, huku kwetu mvua hainyamazi, nawe unaunywesha mlima? Kesho utaukatia na majani."

"Mvua inaulowesha mgongo tu, wifi. Tumboni haifiki. Na majani nikiyakata, utanisaidia kubeba."

Lakini watu walipoona ndizi zinaiva bila moshi, wote wakapanda na vyungu vyao, Tupokigwe akiwa mbele. Walipika, wakashiba, wakateremka. Maji hakuleta mtu. Kibuyu kimoja cha Subilaga hakikutosha kwa vyungu vya kijiji kizima, na mvuke ukapungua siku hadi siku, mpaka asubuhi moja yenye ukungu ukawa mwembamba kama uzi. Lugano akaanza tena kukohoa mgongoni mwa mama yake.

Tupokigwe alikuwa pale, ndizi zake zikiwa nusu mbichi. Alimsikiliza mtoto wa kaka yake akikohoa. Alizimwaga ndizi chini, akachukua chungu kitupu, akakimbilia mtoni. Wengine walipomwona anarudi na maji, wakaona haya, wakamfuata. Walimimina mpaka ufa ukafurika. Mlima ukashusha pumzi ndefu, mvuke ukafunika kilele chote, na Lugano akapona, akakua, akawa mtu mzima mwenye kifua kipana.

Na tangu siku hiyo Kipembo unapumua, mchana na usiku, masika na kiangazi. Ndiyo maana mgeni akija kwetu ataona wanawake wakipanda mlimani na vyombo viwili, kimoja cha ndizi na kimoja cha maji, na cha maji ndicho kinachomiminwa kwanza. Hata mafundi waliokuja na mabomba yao, ambao kwa mvuke huo wanatuwashia taa, maji wanayarudisha ardhini.

Shimo la jiwe jeusi bado lipo. Mvua imemwagikia humo miaka yote hiyo, na halijaota jiwe hata moja. Mbuzi hujikinga humo na upepo.