Kipya cha Sultani Badrani

Hapo zamani, mabao yote ya kuchezea yalipokuwa yakichongwa katika karakana ya mfalme, na ole wake fundi mwingine aliyethubutu, alitawala Pangoni Sultani Badrani, mtu wa tumbo kubwa na tamaa iliyolizidi hilo tumbo. Basi ikawa kila watu walipoanza kulizoea bao walilonunua, mpiga mbiu hupita akipaza sauti, "Limetoka jipya! Kipya kinyemi!" Na hilo jipya lina nini? Lilelile la jana, ila mashimo yamefinywa ili kete za zamani zisiingie. Loo! Mtu kauza mbuzi wake, bao hata jasho la mikono halijalikolea, mara anaambiwa limezeeka!

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," Jecha akammalizia mpiga mbiu methali yake, watu wakaangua kicheko. Jecha huyu alikuwa hohehahe, hana shamba wala kuku, ana bao moja tu aliloachiwa na marehemu babake. Kwa bao hilo aliwafundisha watu mchezo, nao wakampa chakula.

Maneno yale yakamfikia Sultani, akafura kwa hasira. Papo hapo akatoa amri: "Kipya kikitoka, cha zamani kisiguswe wala kisiheshimiwe! Na Jecha aje barazani Ijumaa, bao lake lichomwe mbele ya watu."

Jecha alilia, msidhani mjanja halii. Kisha akafuta machozi, akaiwaza ile amri neno kwa neno.

Ijumaa baraza ikafurika. Moto umekwisha kokwa, na kando ya kiti cha enzi yaya amempakata mwana wa Sultani, aliyezaliwa juma lile, ili raia wamwone. Jecha akaingia na bao lake kwapani, akampita Sultani kama anayepita nguzo, akapiga magoti mbele ya yaya.

"Nakushika miguu, ewe Sultani wetu! Mungu akuzidishie umri."

"Mwehu wewe!" waziri akamkemea. "Sultani yuko huku!"

"Huyo ni wa zamani, Bwana Waziri. Nami ni raia mtiifu, sikigusi wala sikiheshimu cha zamani, kama nilivyoamriwa."

"Nilisema mabao!" Sultani akanguruma.

"La, Maulana. Ungesema 'jipya', tungejua ni bao. Umesema 'kipya', na kipya ni chochote. Hiki hapa kimetoka juzi."

"Kitoto hicho hakina hata meno! Hakijui kusema, kitahukumu nini?"

"Ndivyo, Maulana. Na mabao yako mapya nayo yanaweza nini ambacho ya zamani hayawezi? Tuliyanunua vivyo hivyo."

Baraza zima likacheka, hata askari wenye mikuki wakainamisha nyuso. Sultani akageuka huku na huku akitafuta wa kumtetea, asimwone. Waziri mwenyewe alikuwa amekwisha msogelea yaya, akimchekea mtoto kwa adabu zote. Hapo Badrani akaingiwa na hofu ya kweli.

"Amri nimeifuta," akasema kwa sauti ndogo. "Mabao ya zamani yachezwe. Jecha, tafadhali... niamkie."

Jecha akalikumbatia bao la babake, kisha akamwamkia.

Yangu ndiyo hiyo. Atakaye hekaya mpya zaidi, akainunue kwa Badrani.