Nguo Nyekundu ya Mize

Paukwa.

Pakawa.

Itikieni kama watu walioshiba. Paukwa.

Pakawa.

Haya, sasa nawasikia. Hapo kale, mji wa Kitope ulikuwa na Jumbe aliyependa kuonekana kutoka mbali. Siku moja akatoa neno barazani.

"Nataka nguo nyekundu. Si hudhurungi ya magome ya mkandaa, hiyo anayo hata mchunga mbuzi. Atakayeniletea nyekundu, huyo peke yake ndiye atakayetia rangi katika mji huu. Wengine wote wavunje vyungu vyao."

Sasa palikuwa na mjane, jina lake Mize. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto. Alikuwa na chungu cha rangi, na chungu hicho ndicho kilichomlisha. Kikivunjwa, Mize atakula nini? Atakula upepo.

Akaenda porini kando ya mto. Akachimba manjano, akatwanga, akachemsha, akachovya kitambaa. Kikatoka njano.

Kesho yake akachimba, akatwanga, akachemsha, akachovya. Njano.

Siku ya tatu akachimba, akatwanga, akachemsha, akachovya. Njano ya kuumiza macho. Mize akakasirika, akakitumbukiza kitambaa kwenye maji ya majivu, akifue, aanze upya.

Kitambaa kikawa chekundu mkononi mwake.

Hakupiga kigelegele. Mwenye akili akipata hufunga mdomo. Akakianika, akaingia ndani kula.

Jirani yake aliitwa Sikudhani, mtia rangi naye, mvivu wa kuchimba, hodari wa kuchungulia. Mize alipotoka, kamba ilikuwa tupu. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Siku hiyo aliyelia kivulini hakuwa amechuma hata jani.

Mize akakimbilia barazani. Akamkuta Sikudhani amepiga magoti, nguo iko mapajani mwa Jumbe.

"Jumbe, nguo hiyo ni yangu."

"Shoga, hiyo ni njaa inasema," akajibu Sikudhani. "Wewe na nyekundu, wapi na wapi?"

Jumbe akamwuliza Sikudhani, "Umeitia nini?"

"Magome ya mkandaa, Jumbe."

"Mbona ya mkandaa siku zote haiwi hivi?"

"Wenzangu huchemsha siku moja. Mimi nimechemsha siku tatu."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Uongo ukivaa vizuri hukaribishwa kiti.

"Na wewe, Mize?"

"Manjano."

Baraza zima likacheka. Mzee mmoja akasema, "Manjano yatoe nyekundu? Basi na mbuzi wangu atataga."

"Nileteeni ndimu," akasema Mize.

Akaikamua juu ya nguo. Pale maji yalipodondoka, pakawa njano kama kiini cha yai. Kicheko kikakatika.

"Sasa mwulizeni mwenye nguo, doa hili linatokaje?"

Sikudhani akatazama juu. Akatazama chini. Akatazama vidole vya miguu yake. Akasema, "Huo ni uchawi."

"Uchawi huu unao hata wewe jikoni kwako," akasema Mize. "Nipeni majivu na maji."

Akakoroga, akamimina. Doa likarudi jekundu, kila mtu akiona. Za mwizi ni arobaini, lakini za Sikudhani hazikufika hata mbili.

Jumbe akasema, "Mize, neno langu ni lile lile. Mji ni wako. Hawa wengine wavunje vyungu leo."

"Hapana, Jumbe. Waache wachemshe."

"Hata huyu mwizi?"

"Huyu hasa. Nikibaki mtia rangi peke yangu, nani atajua kwamba mimi ndiye bora?"

Akaondoka bila kugeuka. Mimi ningemvunjia Sikudhani chungu, na mwiko juu yake. Lakini mimi si Mize.

Hadithi imefika mlangoni, na mimi nimefika mwisho wa pumzi. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, niachieni, nitaimeza mwenyewe.