Majivu ya Bwana Fisi

Kwaru, kwaru, kwaru. Mama Tunu alifumbua macho gizani akatega masikio. Kwanza alidhani ni panya, halafu akajicheka, panya gani wa mwaka ule wa ukame, panya wote walishahama kutafuta nchi yenye makombo. Sauti ikaja tena, ya mwiko unaokwangua chini ya chungu, ya mtu anayetafuta ukoko. Na ukoko, jamani, haupatikani kwenye chungu cha majani ya kuchemsha. Ukoko huja chungu kikijaa, kikakaa motoni mpaka kikatosheka.

Mama Tunu alikuwa paa, mzazi wa mtoto mmoja, mwoga wa kuzaliwa kama paa wote. Alimkumbatia Tunu wake, aliyekuwa amenyonya ziwa tupu mpaka usingizi ukamchukua, akabaki macho hadi alfajiri. Sauti ilikuwa ikitoka upande wa nyumba ya Fisi.

Ukitaka kujua kwa nini hakulala tena, sikia kwanza habari za huyo Fisi. Mvua ilipogoma na mashamba yakakauka, Fisi alikwenda kwa Mfalme Simba amevaa gunia, vumbi usoni, akasema njaa imeletwa na akina mama wa siku hizi wasiojua kubana matumizi.

"Mababu zetu, Mtukufu, walipika mara moja, wakalala mapema, wakaweka akiba. Hawa wa leo wanaosha nafaka mara tatu utadhani wanaogesha bibi harusi."

Simba, ambaye hajapata kuosha hata kikombe, aliyapenda sana maneno hayo. Siku ileile ikatoka amri: kila nyumba ipike mara moja kwa siku, moto uzimwe jua likizama, na kila mama kabla ya kupika atoe konzi ya unga iende kwenye ghala la akiba. Na mlinzi wa ghala? Bwana Fisi, mwenye gunia. Wanyama wakampigia makofi. "Tazameni alivyo mnyenyekevu, hata viatu hana," walisema, kana kwamba kuna fisi aliyewahi kuwa na viatu.

Mama Tunu hakuwa na ugomvi na kubana. Alilelewa na bibi aliyekuwa akimwagilia mchicha kwa maji ya kuoshea mboga, akifukia kaa la moto majivuni lilale mpaka asubuhi, na majivu yenyewe akisugulia vyombo na kuhifadhia mbegu. Lakini bibi yake alijibana yeye ili watoto wale. Huku kujibana kwa Fisi, ambako watoto wanatoka mbavu na mlinzi wa ghala anatoka kitambi chini ya gunia, hakukuona kwa bibi yake hata siku moja.

Kulipokucha, Fisi alibisha hodi.

"Karibu, Bwana Fisi," alisema Mama Tunu, akimsogezea kigoda.

Fisi hakuketi. Macho yalipanda moja kwa moja hadi kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya meko. "Kile kina nini?"

"Mbegu za mtama, Bwana. Aliniachia bibi. Mvua ikinyesha ndizo nitakazo..."

"Kesho ni baraza. Kila mwenye mbegu azilete ghalani."

"Hata mbegu?"

"Hasa mbegu. Mama mchanga kama wewe, una njaa, mtoto analia, mkono utateleza mara moja tu, mbegu zimo chunguni. Mimi nakuhurumia, mwanangu. Kwangu zitakuwa salama." Kisha akalamba midomo, akaenda zake.

Mama Tunu alimbeba mtoto akatoka mbio mpaka kwa Sungura, akaanza kusema kabla hajafika mlangoni. "Kaka Sungura, nimemsikia, usiku, anakwangua chungu, na leo amekuja kutaka mbegu, nami nikimpa ataziramba, na mvua ikija tutapanda nini, tutapanda mate? Na nikimnyima atanishitaki kwa Simba, na Simba unamjua, na huyu mtoto, kaka, maziwa yenyewe sina..."

"Vuta pumzi kwanza, dada."

Alivuta.

"Ukimwambia Simba umesikia mwiko, atasema uliota. Mfalme akishamsifu mtu hadharani hasikii mwiko wala ngoma." Sungura alikuna sikio. "Fisi anajua kupika?"

"Anajua kula."

"Jikoni je, anajua kufagia?"

"Aanze leo?"

"Vizuri. Kesho uje barazani na mbegu zako, tena uje na majivu yako."

"Majivu? Kaka, mimi nakuletea msiba, wewe unataka majivu?"

"Yote uliyonayo," alisema Sungura.

Barazani Simba aliketi juu, manyoya yamechanwa. Fisi alisimama pembeni yake na gunia lake, ameinamisha kichwa kinyenyekevu mpaka kidevu kinagusa kitambi. Sungura akainuka, akainama mbele yao wote wawili.

"Mtukufu, mbegu tumeleta. Ila mababu zetu, hao anaotutajia Bwana Fisi, hawakuweka mbegu ghalani bila kuzichanganya na majivu, wadudu wasizile. Basi kila nyumba imeleta majivu yake."

Wakayatoa. Yalikuwa kichekesho. Mama Tunu alileta kigae kimoja, nacho hakikujaa. Tembo, mwenye ukoo mzima nyumbani kwake, alileta kikapu nusu. Nani angekuwa na majivu, na watu wanapika mara moja?

"Hayatoshi," alisema Sungura kwa huzuni. "Itabidi mbegu zirudi nyumbani mpaka yapatikane."

Fisi aliposikia mbegu zirudi, unyenyekevu ulimtoka kama kofia kwenye upepo. Kwake yeye majivu yalikuwa uchafu tu wa kutupwa nyuma ya nyumba. "Zirudi kwa sababu ya majivu?" alisema. "Mimi ninayo. Njooni kwangu mchote mpaka mchoke, mimi si mchoyo."

Wakaenda wote, Simba mbele. Nyuma ya nyumba ya Fisi kulikuwa na lundo la majivu refu kama kichuguu. Wakajaza kikapu cha Tembo, wakajaza vigae, wakajaza magunia, na lundo halikuonyesha kwamba limeguswa. Fisi alisimama akitabasamu, akisubiri ashukuriwe.

Hakuna aliyemshukuru. Kila mama pale alikuwa akitazama lundo, kisha kigae chake, kisha lundo.

Maneno yalimtoka Mama Tunu bila ruhusa. "Bwana Fisi, wewe unaishi peke yako, hivi haya yote ni ya majani ya kuchemsha, mara moja kwa siku, maana mimi nina mtoto na ninapika na nimepata kigae, sasa wewe unapika nini, na unampikia nani?"

Tabasamu la Fisi liliganda. "Haya... haya ni ya urithi. Kwetu hatutupi kitu. Ni majivu ya marehemu babu yangu."

"Mnaona?" alisema Simba, ambaye hakupenda mtu wake aulizwe maswali. "Familia yenye nidhamu." Akapanda juu ya lundo ili ahutubie vizuri. Mara akaruka chini akinguruma, mguu juu, ananusa unyayo ulioungua.

"Pole, Mtukufu," alisema Sungura. "Kumbe marehemu babu bado anapika."

Walicheka mpaka Tembo akashika mti. Ghala likafunguliwa, wakakuta konzi zote za msimu mzima zimebaki kimo cha goti la paa. Wakazigawana palepale, za wenye watoto kwanza. Fisi walimvua lile gunia, maana nalo lilikuwa la ghala, wakamfukuza hivyo alivyo, kitambi nje, na watoto wakimzomea mpaka mpakani. Njia ya mwongo ni fupi.

Uji wa unga ule uliwavusha. Mvua ilipokuja, Mama Tunu alizipanda mbegu zake, na Tunu alikuwa ameanza kunenepa. Siku moja, yuko shambani anapalilia, Simba alimjia peke yake, akitazama huku na huku kama mwizi wa kuku.

"Mama Tunu. Ile habari ya majivu. Watu wakiuliza, sema mimi ndiye niliyegundua. Nilipanda pale makusudi."

"Nitasema hivyo, Mtukufu."

"Na kwamba nimekuja kukuomba?"

Mama Tunu aliinamia jembe ili uso wake usionekane. Sungura alikuwa amelala kichakani hatua chache tu, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Hilo, Mtukufu, sitamwambia mtu mwingine yeyote."