Dadu za Idarusi katika Bustani ya Jini

Enzi ambazo majini walikuwa bado wakialikwa karamuni, alitawala Sultani Mahdhari katika mji wa Sarmadi, na mji huo ulikuwa katikati ya uwanda tambarare usio na kilima wala bonde. Na ada ya Sarmadi ilikuwa hii: bwana arusi sharti atoke langoni atembee kwa amri ya dadu, kila njia panda azirushe na kwenda zinakomwelekeza, mpaka majaaliwa yamrejeshe pale pale langoni. Na wote walirudi, wengine wakiwa wameshaota mvi, lakini walirudi.

Sultani alikuwa na binti, Shamsia, mdadisi wa kupindukia, na mchumba wake Idarusi aliapa kuitimiza ada hiyo. Lakini jini Zamhari akamlaki njiani, akamwambia, "Ewe kijana mtukufu, kwa nini uchomwe na jua uwandani? Tembea bustanini mwangu, penye vivuli na chemchemi." Naye, bila kuuliza lolote, akaingia.

Siku zikapita. Shamsia alikuwa akishona mkeka wa duara, na ushonaji wake ulikuwa mbovu, akiongeza ukili mwingi mno, ule utepe wa majani yaliyosukwa, kila mzunguko, na kingo zikainuka mawimbi mawimbi.

"Bibi," wajakazi wakacheka, "mkeka huu ni wa kukalia au wa kupanda?"

Naye hakucheka. Aliuzungusha magotini akaona kwamba kadiri ulivyotanuka, nafasi ilizidi kuwa pembeni kuliko katikati, na akaingiwa na hofu, maana alikuwa amesikia kwamba Idarusi ameingia bustanini mwa jini, naye aliwahi kuichungulia bustani hiyo, na njia zake zilitawanyika vivyo hivyo.

Akamwendea Zamhari, akainama kwa adabu. "Ewe bwana wa majini, katika kila njia panda ya bustani yako, ni njia ngapi zirudishazo mtu nyumbani?"

"Moja tu, ewe binti wa masultani," akajibu jini, aliyefurahi kuulizwa, "na zote nyingine humpeleka mbali. Wageni wangu hurusha dadu, na kila mmoja hupotelea upande wake, wala sijui nani atatokea ukingo upi. Lakini siku ya kufika naijua, hupungua kidogo au huzidi kidogo, na afikaye ukingoni ni mtumwa wangu milele. Mchumba wako atafika kesho, au karibu na kesho."

Shamsia hakungoja. Akaubeba mkeka wake, akazifuata nyayo za Idarusi mchangani, hapa zimezunguka, pale zimerudi nyuma kidogo, lakini kwa jumla zikishika upande mmoja, na akamkuta hatua chache kabla ya ukingo, midomo imemkauka, dadu mkononi.

"Twende nyumbani, Idarusi."

"Nimeapa, Shamsia. Dadu zilimrudisha baba yangu, nami zitanirudisha."

Akautandaza mkeka mbele yake. "Baba yako alitembea hapa katikati, palipolala sawasawa kama uwanda wetu. Wewe uko huku kwenye mawimbi, ndiyo bustani hii. Kila ukirusha, njia moja yakuita nyumbani na nyingi zakufukuza. Hata ukirusha maisha yako yote, utazidi kwenda mbali."

Idarusi akautazama muda mrefu, na akalia bila kuona haya, na akazitupa dadu vichakani. Wakarudi kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe mpaka langoni, na Sultani akairidhia safari hiyo.

Zamhari, ambaye kabla ya Shamsia hakuna aliyewahi kumuuliza bustani yake ikoje, akawatunza lulu na marijani. Wakaozwa juu ya mkeka ule ule, na Sultani nusura aporomoke kwa mawimbi yake. Na tangu hapo mtu wa Sarmadi akialikwa matembezini huuliza kwanza habari za ardhi, maana dadu ni zile zile kila mahali, lakini si kila ardhi humrudisha mtu kwao.