Wajukuu wa Mashujaa

Uvumi ule ulimwingia Yamina kama mwiba wa unyayoni; kila akikanyaga, ulimchoma. Aliusikia arusini, wanawake wakinyonyoa kuku. Bonde zima la Nessadiou, kisiwani Kaledonia Mpya, ni kizazi cha wafungwa wa Algeria walioletwa na minyororo miguuni, na hakuna nyumba isiyojigamba kwamba babu yao alifungwa kwa kupigana na Wafaransa.

"Ajabu! Hapa wote ni wajukuu wa mashujaa," alicheka shangazi mmoja. "Wauaji je, wao hawakuzaa?"

"Muulize Yamina," akadakia mwenzake. "Mzee Arezki wao sijui alipigana na Mfaransa gani!"

Yamina akamwendea baba yake, aliyekuwa mahututi kitandani.

"Ni kweli, mwanangu. Babu yangu Arezki alimuua jirani yake huko kwao, wakigombea maji ya mfereji. Lakini funika kombe."

Yamina akalifunika. Akamlea mwanawe, Tahar, kwa hadithi ya babu mwenye bunduki mlimani. Kijana akakua kifua mbele, na alipokuwa mtu mzima shauku ikampanda: lazima afike kijiji cha Arezki, ukoo umtambue. Mara nyingi Yamina alifungua kinywa amwambie, ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Akaona heri afuatane naye, labda safari ingempa ujasiri. Haikumpa.

Huko milimani Kabylia, nchini Algeria, Bibi Tassadit, mkongwe wa kijiji, aliwakaribisha kwa kuskusi, na watu wakajaa uani kuwatazama wageni. Tahar akasimama.

"Wazee wangu, mimi ni damu ya Arezki, shujaa wenu! Nimerudi nyumbani."



"Arezki yupi, mwanangu?" aliuliza Bibi Tassadit. "Yule aliyefungwa kwa damu ya Mohand?"

"Mohand ni nani, bibi?"

"Babu yetu. Arezki alimpiga jembe la kichwa, akafia mferejini. Hapa hata mtoto wa juzi anajua."

Tahar akacheka kicheko kikavu. "Mama, hebu waambie hawa."

Yamina akainamia sahani.

"Mama! Ulijua?"

Bibi Tassadit akaweka kijiko chini, akamgeukia Yamina.

"Sikia, binti yangu. Damu ile ilikwisha kukauka. Mngekuja mkasema, 'Sisi ni watoto wa mkosaji, tusameheni,' leo tungechinja kondoo, mkalala humu kama ndugu. Lakini mmekuja kumwita shujaa mbele ya wajukuu wa yule aliyeuawa naye. Malizeni chakula, mgeni hatumfukuzi na njaa. Kisha mwende."

Hakuna aliyewasindikiza. Tahar alitangulia mteremkoni bila kugeuka nyuma, na hadi leo humsalimu mama yake kama amsalimuvyo mpita njia.

Basi, mzazi, usimvike mwanao sifa ambazo si za babu yake. Usingoje safari ikufungue kinywa. Usimwache mtoto agonge mlango ambao wewe wajua kilichomo ndani. Usiseme aibu ya zamani imekwisha kuzikwa, maana hata aliyezikwa ana wajukuu, na wana midomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.